Chokaa ya Mwinjuma

Khadijo alibonyeza rimoti, na ukuta mzima ukawaka.

Moto ulianza wa manjano, ukawa buluu, kisha zambarau, ukicheza nyuma ya kioo kirefu kilichopachikwa ukutani. Juu yake palikuwa na televisheni pana kama mlango, na kushoto na kulia ukuta ulivishwa mawe meupe ya kung'aa ambayo ukiyagusa unakuta ni plastiki. Mwanamkasi aliyagusa, kwa sababu Khadijo alimwambia ayaguse.

"Hapo kulikuwa na meko ya zamani, Mama Rehana. Ilikuwa inakaa ya kizee kabisa. Mubarik akaniambia, mama, hii kitu itoke. Fundi akaja, siku mbili, kwisha."

"Pamependeza, dada," Mwanamkasi alisema, na hakuwa akisema uongo.

Ilikuwa mara ya kwanza akina mama hao wawili kukutana. Mubarik, mwana wa Khadijo, alitaka kumuoa Rehana, binti pekee wa Mwanamkasi. Vijana walikuwa wameshaelewana wenyewe huko hospitalini wanakofanya kazi, na sasa ilibaki wazee wafanye ya wazee. Khadijo alikuwa Msomali wa Kenya, amezaliwa Garissa na kukulia Mombasa, mwingi wa maneno na mkono mkunjufu. Alimkaribisha mgeni wake kwa chai ya hiliki, sambusa na mahamri, akamtembeza nyumba yake ya mtaa wa Great Barr, pembezoni mwa mji, chini mpaka juu, kisha akamrudisha mbele ya ule ukuta.

"Sasa mimi nilikuwa nawaza," alisema akimwongezea chai, "hiyo siku ya posa tufanyie tu hapa. Kwenu Aston kuegesha gari ni shida, na mkipatana na siku ya mechi pale uwanjani, hapo ndio kabisa. Na watu wetu ni wengi. Si nyinyi mnakaa zile nyumba ndogo ndogo za kushikana?"

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomchoma Mwanamkasi. Angesema kwa ubaya, angepata la kumjibu. Khadijo alisema kama mtu anayekupokea mzigo, huku akitabasamu, na moto wa zambarau ukimmulika shavu.

"Posa huja kwa mwanamke, dada Khadijo," Mwanamkasi alisema, akaweka kikombe chini. "Mtakuja kwetu. Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya adhuhuri."

Alilitoa neno hilo akiwa amenyoosha shingo. Alipoketi ndani ya basi ndipo alipoikumbuka sebule yao.

Ukuta wake aliujua ufa kwa ufa. Nyumba ile waliinunua miaka sita iliyopita, na yeye na mumewe walijinyima mengi kuipata. Kila chumba walikigusa isipokuwa kile cha mbele. Meko yake iliwahi kuwa na hita ya gesi, hita ikang'olewa, tundu likazibwa kwa ubao uliopigiliwa misumari. Juu ya ubao, karatasi ya maua ilibanduka na kujikunja. Toka kwenye dari mpaka usawa wa bega kulikuwa na doa la kahawia ambalo kila masika walilipaka rangi, na kila kipupwe lilirudi. Kushoto na kulia kwa kifua cha dohani, yale matofali ya bomba la moshi yaliyojitokeza chumbani, palikuwa na nafasi mbili zilizoingia ndani, na humo walirundika pasi, mabegi ya safari na ndoo ya mchele.

Mwanamkasi alikuwa mhudumu wa wazee. Aliingia nyumba nane kwa siku, akiogesha, akivisha, akitoa dawa. Katika kila nyumba alikuta ukuta wa meko umependezeshwa: huyu ana rafu ya mwaloni na kioo cha duara, yule ana vinara vya mishumaa na picha za wajukuu, mwingine kaupaka rangi ya kijani kibichi na kupanga kuni kavu ndani ya tundu, kuni ambazo hazitawashwa kamwe. Alikuwa na picha za kuta hizo kwenye simu, amezikusanya miaka. Usiku ule hakuzitazama. Alimwambia Rehana atafute fundi.

*

Fundi alikuja Jumatano. Aliitwa Oliver, kijana mwenye ndevu nyekundu na viatu safi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na kwa hilo Mwanamkasi alimpenda mara moja.

Mwinjuma, mumewe, alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango. Tangu ghala alilokuwa akipakia mizigo lilipofungwa mwezi wa pili, kiti hicho kilikuwa kama ofisi yake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na nane, mrefu, mwenye mikono mikubwa ambayo siku hizi ililala mapajani bila kazi.

Oliver aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Sauti ilijibu po, po, kama boga. Akatikisa kichwa, akaanza kumweleza Rehana: lipu yote imeachia, ibomolewe, ziwekwe mbao za jasi, kisha juu yake anaweza kujenga chochote wanachotaka, hata moto wa umeme. Pauni elfu mbili na mia nne. Nafasi anayo mwezi wa kumi na moja.

"Wageni wanakuja baada ya wiki tatu," Rehana alimwambia.

"Basi labda muwapeleke hotelini," Oliver alitania.

Mwinjuma alisimama. Kwa Kiingereza chake kizito alisema kwamba matofali haya ni ya zamani, yanataka chokaa, ukiyafunika kwa jasi maji yatarudi. Oliver alimsikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia Rehana.

"Mwambie mzee hiyo chokaa hakuna anayeitumia siku hizi."

Alikuwa hatua mbili tu kutoka kwa mzee mwenyewe. Rehana aliinamisha macho sakafuni. Mwinjuma alirudi kitini. Naye Mwanamkasi, Mungu amsamehe, hakumwonea huruma mumewe, alimwonea haya. Alitamani asingeinuka. Alimsindikiza Oliver mlangoni kwa maneno matamu, kana kwamba anafuta kitu kilichomwagika.

*

Elfu mbili hawakuwa nazo, na mwezi wa kumi na moja ulikuwa mbali. Kwa hiyo Mwanamkasi alifanya walivyofanya watu kwenye video za simu. Alinunua vibao vyepesi vya kubandika, vya rangi ya mawe ya Great Barr, na gundi makopo manne. Ijumaa yeye na Rehana walikwangua karatasi ya maua, wakabandika vibao toka chini mpaka darini. Kwenye zile nafasi mbili waliweka mitungi ya kioo yenye taa ndogo ndogo. Rehana akapiga picha, akamtumia Mubarik, na Mubarik akajibu kwa mioyo mitatu.

"Mama, looks sick," Rehana alisema, na mama yake akajua kwamba neno hilo la ugonjwa, kwa vijana wa huku, ni sifa.

Mwinjuma alipita, akatazama, akatoka kwenda msikitini.

Jumamosi asubuhi, Mwanamkasi akiwa jikoni anakaanga vitunguu, alisikia mshindo kama wa kabati kuanguka. Alikimbia. Sebule ilikuwa imejaa vumbi la kijivu. Vibao vilikuwa vimeanguka kwa pamoja, na kwa kuwa gundi ilikuwa kali kuliko lipu, vilikuwa vimeivuta lipu yenyewe. Kipande kikubwa kama godoro kilikuwa chini, juu ya zulia, juu ya mitungi iliyovunjika. Kifua cha dohani kilibaki matofali matupu, mekundu, yenye jasho. Harufu ya ubichi ilitoka humo, harufu ya kisima.

Mwinjuma alisimama mlangoni. Rehana alishuka ngazi na taulo kichwani, akashika mdomo.

Mwanamkasi aliinama, akaokota kibao kimoja, akakigeuza. Nyuma yake kulikuwa na inchi nzima ya lipu, imekatika kama mkate. Akamwona mumewe akitazama tu, mikono nyuma, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Fundi! Miaka yote nasikia ulikuwa fundi, ulikuwa fundi. Ungekuwa fundi kweli, ukuta wa nyumba yako ungekaa hivi miaka sita?"

"Mama!" Rehana alisema.

Mwinjuma alivuka kifusi polepole, akaenda kuleta ufagio. Wakafagia watu watatu, na vitunguu vikaungua jikoni.

*

Kesho yake baada ya alfajiri, Mwanamkasi alisikia mlio mdogo kutoka chini: ko, ko, kimya. Ko, ko, kimya. Alishuka na ushungi wake wa kuswalia.

Mwinjuma alikuwa amepiga magoti mbele ya meko. Alikuwa ameng'oa ule ubao. Mkono mmoja aliuingiza ndani ya tundu mpaka bega, na mwingine ulishika kijiko cha chuma, akigonga tofali, akisikiliza, akigonga jingine. Masizi yalimpaka paji la uso.

"Uliyoniambia jana ni kweli," alisema bila kugeuka.

Mwanamkasi alikaa kwenye ngazi ya mwisho. 

"Huyu ukuta hana ugonjwa," Mwinjuma aliendelea. "Amezibwa pumzi, ndiyo tu. Huku chini wamemzibia, na huku mbele wamempaka saruji. Maji yanayoingia kwa juu hayana pa kutokea. Nililijua hili siku ya kwanza tulipoingia nyumba hii."

"Sasa kwa nini hukufanya, Baba Rehana?"

Alivuta mkono wake nje ya tundu, akautazama ulivyokuwa mweusi.

"Nilipofika mji huu niliwaambia mimi ni fundi wa chokaa, nimetengeneza majumba ya Mji Mkongwe kule Unguja miaka kumi na nane. Wakanitaka cheti. Nikawaambia cheti changu kimesimama Shangani, kina ghorofa tatu. Wakacheka, wakanipa toroli. Basi nikasema kazi ile imekwisha. Kila mwaka naliona lile doa, nasema nitalifanya. Lakini nikishika mwiko tena na kazi ikatoka nzuri, si itakuwa maboksi yote yale nimeyabeba bure?"

Hakulia, hakuinua sauti. Aliyasema kama mtu anayetoa taarifa. Mwanamkasi alikuwa ameishi na mtu huyu miaka ishirini na saba, akimtafsiria kwa daktari, benki, shuleni kwa Rehana, na hakuwahi kuyasikia maneno hayo kwa lugha yoyote.

"Jumapili ya wageni imebaki siku kumi na nne," alisema hatimaye. "Unahitaji nini?"

*

Rehana ndiye aliyepata duka. Lilikuwa katika mtaa wa Digbeth, ndani ya karakana ya zamani chini ya matao ya reli, wanapouza vifaa vya kukarabati majengo makongwe. Mwanamkasi aliomba ruhusa kazini, akaenda na mumewe, kwa sababu ndivyo walivyozoea: penye Kiingereza, yeye mbele.

Mwenye duka aliitwa Sanjay, mtu mnene mwenye miwani iliyojaa vumbi jeupe. Mwanamkasi alianza kueleza: wana ukuta, una unyevu, wanatafuta chokaa, lakini hawajui ni ipi. Sanjay alimuuliza nani atakayeipaka. Akamwonyesha mumewe. Sanjay akamtazama Mwinjuma na koti lake la baridi, akaanza kusema polepole kwamba kitu hiki si rangi, kinaunguza macho, kina taratibu zake.

Mwinjuma hakuwa akisikiliza. Alikuwa amekwisha kufika kwenye mapipa. Alifunua moja, akachota kidogo kwa ncha ya kisu kilichokuwa kando, akakiinamisha, akatazama chokaa inavyokataa kudondoka. Akakifuta kisu. Akafunua pipa la pili, akafanya vilevile. Kisha akaenda kwenye mchanga. Aliuchukua wa kwanza, akausugua karibu na sikio asikie chembe zake, akautupa. Wa pili akausugua, akatikisa kichwa. Wa tatu akaufumba kiganjani, akamletea Sanjay.

Sanjay alivua miwani.

"Huu ndio ninaotumia mimi," alisema.

Kuanzia hapo Mwanamkasi hakuwa na la kutafsiri. Alisimama ameshika mkoba wake, akiwatazama wanaume wawili wakizungumza kwa vidole, kwa nambari, kwa maneno mawili matatu ya Kiingereza na moja la Kihindi ambalo mafundi wa Unguja nao walikuwa nalo. Wakabishana juu ya kipimo cha chokaa kwa mchanga. Sanjay alisema moja kwa tatu, Mwinjuma akasema hapana, mbili na nusu, ukuta huu una kiu. Sanjay akafikiri, akakubali. Mwishowe aliwaazima mwiko mpana wenye mpini wa mti uliokuwa umelainika kwa mikono ya watu, akakataa kuulipisha.

Walirudi kwa gari la Idarous, jirani yao, mifuko imejaza nyuma. Njia nzima Mwinjuma alishika ule mwiko mapajani. Taa za barabarani zilipowaka nyekundu, kidole gumba chake kilikuwa kikipita ukingoni, kikienda na kurudi.

*

Siku mbili alibomoa. Aling'oa saruji yote iliyobaki kwa tindo na nyundo mpaka matofali yakawa uchi, akayasugua kwa brashi, akayanywesha maji. Ndani ya tundu la meko alitoa magunia matatu ya kifusi, kiota kizee cha ndege, na gazeti lililooza. Siku ya tatu alichanganya chokaa uani, akaikanda kwa miguu yenye buti kama mtu anayekanyaga udongo wa kufinyangia. Majirani walichungulia juu ya uzio.

Rehana alirudi kutoka zamu akamkuta baba yake anapaka koti la kwanza, tabaka la chini la chokaa. Alikuwa ametanguliza mguu mmoja mbele, mwili wote ukienda na mkono, mwiko ukipanda toka kiunoni mpaka juu ya kichwa kwa pigo moja refu lisilokatika. Chokaa ilishika ukuta, haikudondoka hata tone. Rehana alisimama na sare yake ya hospitali na begi begani kama dakika kumi. Alikuwa na miaka ishirini na nne, na kazi pekee ya baba yake aliyowahi kuiona ilikuwa kurudi amechoka.

"Baba," alimwita, na mara hii alijaribu kwa Kiswahili, si Kiingereza kama kawaida yake, "wewe umesoma hii wapi?"

"Kwa babu yako. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Mwaka mzima alinifunza kuchekecha mchanga tu."

"Mwaka mzima? Mchanga?"

"Mchanga tu. Lete maji, lowesha pale juu, panakauka haraka."

Akaweka begi chini, akaleta maji.

Kisha ukaja ubishi. Koti la kwanza lilitaka kupumzishwa siku tano, likinyunyiziwa maji asubuhi na jioni kama mgonjwa. Mwanamkasi alihesabu siku kwa vidole na vidole havikutosha. Alileta hita ya umeme, akaielekeza ukutani. Mwinjuma akaizima.

"Ukimkausha kwa nguvu atapasuka."

"Na wageni wakija kabla hajakauka?"

"Watamkuta hajakauka."

"Mwinjuma, nimetoa ahadi kwa wale watu!"

"Ahadi umeitoa ya kuwakaribisha," alisema kwa upole. "Mimi kazi ya kudanganya siifanyi. Heri waone nusu nzuri kuliko nzima mbovu."

Mwanamkasi alikasirika, akapanda juu, akafunga mlango kwa kishindo. Lakini alipokaa kitandani aligundua kitu kilichomshangaza: ilikuwa miaka mingi mumewe hajawahi kumkatalia jambo. Tangu lini? Hakukumbuka. Alikuwa amezoea mtu wa kusema ndiyo, sawa, unavyoona wewe. Hasira ikamtoka, akabaki ameketi pale anatabasamu peke yake.

Wiki ya pili Mwinjuma alipaka koti la pili, na juu yake la mwisho, jembamba kama ganda la yai, akalisugua mpaka likatoa mng'ao wa maziwa. Meko aliiacha wazi, amejenga tao la mviringo juu yake. Ndipo akageukia ile nafasi ya kushoto. Humo alijenga zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya nyumba za kikale, safu mbili za vitatu vitatu, kila kimoja na tao lake dogo. Kwa kisu cha jikoni alichokinoa, alichora ukingoni mnyororo wa maua na majani kabla chokaa haijashupaa, bila penseli wala rula, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Kazi hiyo ilimchukua Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi nzima.

Nafasi ya kulia ilibaki na koti la kwanza tu, la kijivu, limekwaruzwa mistari ya msalaba ili lishike lijalo. Siku zilikuwa zimekwisha.

*

Jumapili asubuhi Mwanamkasi alitandika, akapuliza udi, akapanga kwenye zidaka vile alivyoona vinastahili: Msahafu juu katikati, birika ya shaba, mrashi wa kunyunyizia marashi, vikombe vya kaure vya mama yake. Kisha akaitazama ile nafasi ya kulia. Iliharibu kila kitu. Alichukua shuka mpya yenye nakshi ya hariri, akaitundika kwa misumari miwili toka juu mpaka chini. Akarudi nyuma hatua mbili. Sasa palikaa sawa. Mtu asingejua.

Mwinjuma alishuka ngazi amevaa kanzu na koti, kofia yake ya viua, ile ya kudariziwa kwa mkono, kichwani. Aliiona ile shuka, akavuka sebule, akaenda kukaa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, mikono mapajani.

Kengele ililia.

Rehana alikuwa juu anamalizia kufunga mtandio. Nje zilisikika sauti nyingi, mlango wa gari ukifungwa, Khadijo akimwelekeza mtu mahali pa kuegesha. Mwanamkasi alikuwa ameshafika kwenye kitasa. Hapo alimtazama mumewe, alivyojikunja kitini kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye ofisi ya watu. Alirudi haraka, akashika shuka kwa mikono miwili, akaivuta. Msumari mmoja ukang'oka na kuruka. Akaikunjakunja shuka, akaisukumia nyuma ya kochi.

"Kaa huku mbele," alimwambia. "Karibu na kazi yako."

Kengele ililia mara ya pili.

"Mwinjuma, kaa huku nakwambia, watu wanasimama nje!"

Mwinjuma aliinuka.

Waliingia watu sita. Bulle, mumewe Khadijo, mfupi mwenye ndevu za hina. Abdiweli, ndugu yake Bulle. Wazee wengine wawili, dada yao mmoja, na Khadijo mwenyewe nyuma ameshika sinia la halua. Salamu zilipigwa, hali ziliulizwa, makochi yakabana watu. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakageuka kutazama ukuta.

Ulikuwa mweupe usiofanana na rangi yoyote ya dukani. Mwanga wa dirishani ulipoupiga, haukurudi kama kwenye kioo, ulikaa humo. Vivuli vidogo vilijaa kwenye maua ya zidaka. Na kulia, waziwazi, kijivu na mistari yake.

"Mashallah," yule dada alisema.

"Upande huu hamjamaliza?" Khadijo aliuliza. "Na TV mtaweka wapi?"

"Haujaisha, dada Khadijo," Mwanamkasi alisema. Sauti yake ilitoka thabiti, mwenyewe akaistaajabia. "Chokaa haiharakishwi. Na televisheni tumeipeleka juu. Huu ukuta kaufanya mume wangu kwa mikono yake. Ni fundi wa chokaa, kama baba yake alivyokuwa."

Khadijo akautazama tena ukuta, safari hii kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa.

"Sisi wetu ulifanywa na kijana hata jina lake sijui," alisema polepole.

Lakini Abdiweli alikuwa ameshainuka. Nyumba yake yeye ilikuwa ya mwaka wa zamani zaidi ya hii, alisema, na ukuta wa meko umemtoa jasho. Amepaka dawa, amepaka saruji, amelipa watu watatu. Ni nini?

"Umeziba dohani?" Mwinjuma alimuuliza.

"Juu na chini."

"Ndiyo hiyo."

Na Mwinjuma akaanza. Alieleza jinsi tofali linavyokunywa na kutema, kwa nini saruji ni adui yake, kwa nini mchanga wenye chembe za mviringo haufai. Aliinuka akawaonyesha upande wa kulia, mistari ya msalaba, akasema huu ndio mfupa, na ule wa kushoto ndio ngozi. Wazee walisogea, wakapiga magoti kuupapasa. Bulle alivaa miwani. Mtu mmoja aliuliza juu ya chumvi ukutani, na Mwinjuma akasema hilo swali zuri, akalijibu kwa mkono uliokuwa ukichora hewani. Rehana alishuka na sinia la kahawa, akasimama mlangoni bila kuonekana na yeyote, siku ya posa yake mwenyewe. Alimtazama mama yake, naye mwenyewe akauma midomo asicheke.

Kahawa ilianza kupoa. Abdiweli aliuliza ni lini anaweza kuja kuuona ukuta wake, naye atamlipa fundi haki yake. Mwinjuma akasema kwanza amalize wa nyumbani.

"Jamani," Mwanamkasi alisema, mikono kiunoni, "mmekuja kuposa au mmekuja chuoni?"

Kicheko kilijaa chumba. Khadijo alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Wanaume walirudi vitini mwao wakijipangusa magoti meupe. Bulle alivua miwani, akakohoa, akakaa sawasawa, na uso wake ukabadilika kuwa uso wa mtu mwenye haja. Alisema wamekuja kwa heri, kwamba wana kijana wao Mubarik, na wameona katika nyumba hii kuna binti, nao wanaomba.

Wote wakamgeukia Mwinjuma. Alikuwa ameketi mbele, mgongo umenyooka, chokaa bado imekaa kwenye kucha zake. Alinyamaza kwa raha zake, kama mwenye nyumba, na wageni wakamngoja.